Dedan Kimathi, mkubwa wa askari wa pori, na barua yake ya mwisho



Kuna watu ambao historia inawapa majina mawili yanayopigana. Dedan Kimathi wa Kenya ni mmoja wao. Waingereza waliotawala nchi ile walimwita muuaji na mnyama wa pori. Watu wengi wa kwao walimwita mkombozi, na leo sanamu yake inasimama katikati ya mji wa Nairobi, bunduki katika mkono mmoja na kisu katika mkono mwingine. Lakini kuna neno moja ambalo majina yale mawili hayalisemi. Siku moja mbele ya kunyongwa, mtu huyu alichukua karatasi akamwandikia padri. Na katika barua ile, ombi alilolirudilia ni hili: mtoto wake asome.

Nataka kueleza maisha yake tangu mwanzo mpaka barua ile. Sifanyi hivi juu ya kumweka kati ya watakatifu, wala juu ya kumhukumu mara ya pili. Ninafanya hivi kwa sababu sisi tunaotumika katika teritwari za Walikale na Masisi tunayajua mambo ya pori. Historia ya nchi yetu inakumbuka mwaka wa 1944, wakati Bushiri Lungundu, mtu wa Kitawala, aliposimamisha watu kuwapinga Wabelgiji katika nchi ya Masisi na Lubutu. Nyuma ya uhuru ikaja vita ya Wasimba ya mwaka wa 1964. Nyuma yake zikafuata vita zingine, mpaka tukazoea kusikia vijana wadogo wakiitwa jenerali. Hapa Mubi jamaa nyingi zinamjua kijana mmoja aliyeacha masomo akaenda porini. Wengine wamerudi, wengine wako katika kifungo, na wengine hakuna anayejua walipozikwa. Basi, tumtazame mkubwa mmoja wa pori ambaye mambo yake yanajulikana vizuri, kusudi tujue namna ya kuwatazama hawa wetu.

I. Mtoto asiye na makuta ya masomo

Kimathi alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 katika kijiji cha Thegenge, upande wa Tetu, karibu na Nyeri. Nchi ile ni ya Wakikuyu. Upande mmoja kuna milima ya Nyandarua, ambayo Waingereza waliiita Aberdare, na upande mwingine kuna mlima Kenya. Baba yake, Waciuri, alikufa mbele mtoto azaliwe. Alilelewa na mama yake, Waibuthi, pamoja na jamaa ya baba yake.

Alianza masomo akiwa amechelewa, karibu na miaka 15, katika masomo ya Karuna-ini. Makuta hayakuwako. Basi alikuwa anaingia porini kuokota mbegu za miti, akaziuza kwa watu wa serikali waliochunga misitu, na kwa makuta yale akalipa masomo. Tena akaendelea Tumutumu, kwenye masomo ya Waprotestanti wa Scotland. Alikuwa na akili kali. Alipenda lugha ya Kiingereza, alipenda kuandika, na alipenda mashindano ya kusema mbele ya watu. Lakini makuta yaliisha, na masomo yake yakakatika njiani.

Kijana mwenye akili ambaye masomo yamemkatikia njiani, sisi sote tunamjua. Anazunguka. Kimathi naye alizunguka: wakati wa vita ya pili ya dunia aliingia katika jeshi la Waingereza lakini hakudumu mle, akawa karani, akatumika katika mashamba ya Wazungu, akafundisha watoto kwa wakati kidogo. Kila pahali alionekana kuwa mtu wa akili, na kila pahali hakukaa. Mwisho alifika upande wa Ol Kalou na Thomson's Falls, mji ambao siku hizi unaitwa Nyahururu, katika nchi ya mashamba makubwa ya Wazungu.

II. Juu ya nini watu waliasi

Mtu hawezi kufahamu vita ya Mau Mau kama hajafahamu maneno ya udongo. Serikali ya Waingereza ilikuwa imetenga nchi ya juu, yenye baridi na udongo mzuri, kwa Wazungu peke yao. Wakikuyu walisongwa katika nchi yao iliyopunguzwa, na wengi wakaenda kukaa katika mashamba ya Wazungu kama watumishi, wakilima kipande kidogo cha udongo kwa malipo ya kazi yao. Kila mwanaume alipashwa kuvaa kipande, karatasi ndani ya kibweta cha chuma, kikining'inia shingoni. Nyuma ya vita ya dunia, askari Waafrika waliopigana mbali sana, hata Burma, walirudi nyumbani na kukuta Wazungu waliopigana vita ileile wakipewa mashamba, lakini wao hawakupewa kitu.

Msomaji wa Kivu hatashangaa. Sisi pia tulikuwa na Comité National du Kivu, CNKi, iliyoanzishwa mwaka wa 1928 na kupewa nguvu juu ya udongo mwingi wa nchi yetu. Na maneno ya udongo ya Masisi hayajaisha hata leo.

Watu wa Kenya walijaribu kwanza kusema kwa mdomo na kwa mandiko. Chama cha KAU, ambacho Jomo Kenyatta alikuwa mkubwa wake, kilipeleka maombi, na maombi hayakupata jibu la maana. Pembeni ya chama kile kiapo cha siri kikaenea, na watu waliokula kiapo wakaitwa Mau Mau. Serikali ikawapiga marufuku mwaka wa 1950. Kimathi aliingia KAU. Mwaka wa 1952 akachaguliwa kuwa karani wa chama upande wa Ol Kalou na Thomson's Falls, na mara hiyohiyo alikuwa mmoja wa wale walioapisha watu.

Hapa tunapashwa kusema ukweli wote. Kiapo kile kilifunga watu kwa umoja wenye nguvu, lakini wengi hawakukila kwa kupenda. Aliyekataa aliweza kupigwa, na wengine waliuawa. Kati yao walikuwa Wakristu, Waprotestanti na Wakatoliki, waliosema kama wamekwisha kumwahidi Kristu na hawawezi kuahidi mara ya pili. Walikuwa Wakikuyu, walikuwa maskini kama wengine, udongo wao pia ulikuwa umechukuliwa. Mtu anayeeleza vita ya uhuru wa Kenya akiwasahau hawa, ameeleza nusu.

III. Miaka minne ya pori

Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku ule Kenyatta na wakubwa wengine wa chama wakakamatwa. Serikali ilifikiri kama imekata kichwa cha nyoka. Kumbe vijana waliobaki waliingia porini kwa maelfu. Kimathi alikamatwa, akatoroka, na yeye pia akapanda milima ya Nyandarua.

Pori lile si kama pori letu la Walikale lenye joto. Ni pori la mianzi na baridi, katika milima inayopita metre 3,000. Watu walivaa ngozi za nyama, walikula asali na nyama za pori, na walipokea chakula na habari kutoka kwa wanawake wa vijiji vya chini. Silaha zao nyingi walizitengeneza wenyewe kwa bomba za chuma. Asubuhi na jioni waliomba Mungu wakielekea mlima Kenya, mikono juu.

Juu ya nini Kimathi akawa mkubwa wao? Hakuwa askari mashujaa kuliko wote. Stanley Mathenge, aliyepigana katika jeshi la Waingereza, alijua vita zaidi yake. Na upande wa mlima Kenya Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, alikuwa amepigana Burma. Nguvu ya Kimathi ilikuwa mdomo na kalamu. Mwezi wa nane wa 1953 wakubwa wa pori walikutana pahali paitwapo Mwathe, wakafanya baraza la vita, wakamweka Kimathi kuwa raisi wake. Mwezi wa pili wa 1954 wakafanya baraza lingine walilolipa jina la Parlement ya Kenya, na Kimathi akawa waziri wa kwanza. Jina lake la askari lilikuwa Field Marshal.

Katika baridi ile na njaa ile, aliendelea kuandika. Aliandika barua kwa serikali na kwa magazeti akieleza sababu za vita. Aliamuru majina ya askari yaandikwe katika vitabu, pamoja na mambo waliyoyatenda na vifo vyao, kusudi siku ya uhuru wasisahauliwe. Karani wake mmoja, Karari Njama, alikuwa mwalimu wa masomo mbele ya kuingia porini; nyuma ya vita alisimulia mambo yale katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1966, na ni kwa njia ya watu kama yeye tunajua maisha ya ndani ya pori.

Lakini ushuhuda huohuo wa wapiganaji unaonyesha upande mwingine. Kimathi alikuwa mkali, na miaka ilivyopita ukali wake ulizidi. Wale aliowashuku kuwa wasaliti waliuawa kwa neno lake. Alitaka heshima kubwa na majina makubwa. Na kati ya watu wa pori kukazuka mgawanyiko: upande mmoja waliojua kusoma, walio karibu na Kimathi, upande mwingine wasiosoma, waliomfuata Mathenge na kusema kama watu wa kalamu wanawadharau. Mwaka wa 1955 Mathenge na watu wake walijitenga, wakasimamisha kundi lao walilolipa jina la Kenya Riigi. Kimathi aliwakamata wakubwa wao, nao wakatoroka. Tangu pale umoja wa pori haukurudi tena, na Mathenge mwenyewe alipotea, hata leo haijulikani alikufia wapi.

Tena kuna mambo ya Lari. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walishambulia nyumba za Wakikuyu waliokuwa upande wa serikali, wakazichoma pamoja na watu ndani, na wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Usiku uleule na siku zilizofuata watu wa serikali walilipiza kisasi, wakaua wengi tena. Si Kimathi aliyefanya neno lile kwa mkono wake, lakini lilifanyika kwa jina la vita yake. Mtu anayeshika bunduki kwa ajili ya haki hawezi kuchagua peke yake ni matendo gani yataandikwa juu ya jina lake.

IV. Serikali inavunja pori

Waingereza walileta jeshi na ndege za kutupa mabomu. Lakini bomu halikuvunja pori. Walilivunja kwa kutenga askari wa pori na mama zao.

Tarehe 24 Aprili 1954 askari walizunguka mji wa Nairobi, wakachungua Wakikuyu mtu kwa mtu, wakapeleka zaidi ya 20,000 katika kambi za kifungo. Halafu watu zaidi ya milioni 1 wa vijiji walihamishwa kwa nguvu katika vijiji vipya vilivyozungukwa na miti iliyochongwa na miiba, chini ya macho ya askari. Kando ya pori la mlima Kenya watu walichimbishwa shimo refu la kilometre 80 hivi, wakatia ndani miti mikali, kusudi hakuna chakula kipite. Katika kambi za kifungo watu walipigwa na kuteswa. Hata mwaka wa 1959, tarehe 3 Machi, wafungwa 11 waliuawa kwa fimbo katika kambi ya Hola. Wale walionyongwa kwa hukumu katika miaka ile walipita 1,000.

Hesabu ya wafu inatufundisha pia. Serikali yenyewe ilisema kama wapiganaji zaidi ya 11,000 waliuawa. Waafrika raia waliouawa na Mau Mau walikuwa karibu 1,800. Raia Wazungu waliouawa walikuwa 32. Magazeti ya Ulaya yaliandika karibu kila siku juu ya wale 32. Kila mmoja wao alikuwa mtu, na kifo chake kilikuwa kilio kwa jamaa yake. Lakini wale maelfu walikuwa watu pia, na wengi wao hakuna aliyeandika majina yao. Vita ile iliwaua zaidi Wakikuyu: wa porini kwa risasi ya serikali, wa vijijini kwa panga la ndugu zao, na wa kambi kwa fimbo na ugonjwa.

Mwisho serikali ilitumia askari wa pori waliojitoa kuwawinda wenzao. Walijua njia zote, alama zote, mizinga yote ya asali. Kundi la Kimathi likapungua mwezi kwa mwezi. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1956, miaka minne na siku moja tangu kutangazwa kwa hali ya hatari, alikuwa peke yake kando ya pori, karibu na kwao Nyeri, akitafuta chakula, amevaa koti la ngozi ya chui. Polisi mmoja Mkikuyu, Ndirangu Mau, alimwona, akampiga risasi pajani, akamkamata. Serikali ilipiga picha yake amelazwa chini, amefungwa, nywele ndefu, ikatawanya maelfu na maelfu ya karatasi zenye picha ile.

V. Mbele ya waamuzi

Kesi yake ilifanyika Nyeri mwezi wa kumi na moja wa 1956, mbele ya mwamuzi mkubwa wa Kenya, Kenneth O'Connor. Hakushtakiwa juu ya mauaji yoyote. Alishtakiwa kwa kuwa na bastola na risasi bila ruhusa, na katika sheria ya siku zile kosa lile peke yake lilitosha kumnyonga mtu. Kimathi alijitetea akisema kama alikuwa anatoka porini kusudi ajitoe kwa serikali. Waafrika watatu waliokaa pamoja na mwamuzi kumpa shauri walisema ana kosa. Akahukumiwa kufa. Maombi yake yakakataliwa na tribinali ya Afrika ya Mashariki, na maombi ya mwisho London yakakataliwa pia.

VI. Barua kwa padri

Sasa tunafika kwenye neno ambalo limenifanya niandike.

Katika kifungo padri mmoja Mkatoliki, ambaye Kimathi anamtaja kwa jina la Padri Whellam, alianza kumtembelea. Alirudi mara kwa mara. Alimletea vitabu: Agano Jipya, katekisimu, kitabu cha kufahamu Misa, kitabu cha sala katika Kikikuyu, vitabu juu ya Bikira Maria wa Lourdes na wa Fatima. Kimathi, mtu wa kalamu, alivisoma.

Tarehe 17 Februari 1957, akijua kama kesho yake atakufa, alimwandikia Padri Marino wa misioni katoliki ya Nyeri. Barua ile imehifadhiwa, na kila padri angefaa kuisoma. Hakuna ndani yake neno la vita wala neno la kisasi. Anasema kama ana kazi nyingi na furaha nyingi ya kujitayarisha kwa mbingu. Anashukuru Padri Whellam. Tena anatia neno dogo ambalo linachoma moyo: siku ya Noeli ni padri yule peke yake aliyekuja kumwona. Wengine waliokuja siku zingine walimsahau siku ya kuzaliwa kwa Bwana. Haandiki kwa hasira. Anaandika kwa masikitiko tu.

Kiisha anaomba. Anaomba wamtazame mama yake aliye mzee na mwenye huzuni. Anaomba mke wake, Mukami, aliyefungwa katika gereza lilelile la Kamiti, afarijiwe na masista, na kama inawezekana siku moja akae karibu na misioni ya Mathari, karibu na Kanisa. Na anaomba mtoto wake apate masomo. Anaandika kama masomo ya misioni ni mbali na pahali mtoto anapokaa, lakini anaamini kama watapata namna ya kumwingiza mapema. Mwisho wa barua analirudilia ombi lile. Anasalimu mapadri, mafurere, masista, na wasomaji wa Wathiomo Mukinyu, gazeti la Wakatoliki Wakikuyu. Halafu anatia jina lake, akijiita mwongofu anayeondoka.

Tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa. Alizikwa ndani ya Kamiti bila alama yoyote.

Tuangalie vizuri, wandugu. Mtoto aliyeokota mbegu za miti kusudi alipe masomo, akakatikiwa masomo yake juu ya makuta, mwisho wa maisha haombi udongo wala jina wala kulipiziwa. Anaomba mtoto wake asikatikiwe kama yeye. Sisemi kama mtu akikosa masomo anapashwa kuwa muasi. Maelfu walikosa, wakabaki wakulima wema. Tena dhuluma ya udongo ilikuwako, na ingekuwako hata kama Kimathi angemaliza masomo yote. Lakini yeye mwenyewe, alipopima maisha yake siku ya mwisho, aliweka kidole chake pale.

VII. Nyuma ya kifo

Hali ya hatari iliondolewa mwaka wa 1960, na Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mtu angefikiri kama wapiganaji wa pori waliheshimiwa mara moja. Sivyo. Marufuku ya Mau Mau iliyowekwa na Waingereza haikuondolewa mpaka mwaka wa 2003. Wengi waliotoka porini walikuta udongo umekwisha kugawanywa kwa wengine. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili nyuma ya kifo chake. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza masikitiko yake juu ya mateso ya kambi, ikaitika kulipa wazee 5,228 walioteswa. Mukami alifungwa, akafunguliwa, akazeeka, akaendelea kuuliza kaburi la mume wake ni wapi. Alikufa mwezi wa tano wa 2023, mbele mume wake apewe maziko ya heshima.

VIII. Sisi tunafundishwa nini?

Neno la kwanza ni juu ya ukweli. Mchungaji anayeishi kati ya watu wa vita anajaribiwa kuchagua nusu ya historia. Akiwa na watu wa kijana yule, anamwita mkombozi. Akiwa na watu waliochomewa nyumba, anamwita shetani. Kimathi alipigania haki ya kweli, na aliua. Sentensi hizi mbili zinapashwa kukaa pamoja. Kanisa halina lazima ya kufuta moja kusudi lipendwe na watu.

Neno la pili ni juu ya kutembelea. Padri Whellam hakumngojea Kimathi awe mwema. Hakusema kama mtu huyu anafaa kufa tu. Alimfuata katika chumba chake, na siku ya Noeli, siku ambayo kila padri ana kazi nyingi kuliko siku zote, alipata saa kwa mtu aliyehukumiwa kufa. Bwana wetu alisema wazi, katika Matayo 25, kama atatuuliza juu ya waliofungwa. Hakuongeza kama atauliza tu juu ya waliofungwa bila kosa.

Nchi yetu wenyewe ina mfano ulio mkubwa zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, kule Isiro, Kolonelo Olombe wa Wasimba alimwua Sista Anuarite Nengapeta, aliyekataa kutenda dhambi naye. Mbele ya kufa Anuarite alisema kama anamsamehe. Tarehe 15 Agosti 1985, Kinshasa, siku ya kumtangaza mwenye heri, Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa Pili alisema mbele ya watu wote kama yeye pia, kwa jina la Kanisa lote, anamsamehe Olombe kwa moyo wote. Msamaha ule haukuita uovu kwa jina lingine. Anuarite anaitwa shahidi kwa sababu aliuawa, na aliyemwua ana jina. Lakini jina lile halikuachwa nje ya sala ya Kanisa.

Neno la tatu ni la mtoto. Katika parokia zetu kuna watoto ambao baba yao ni mtu wa pori, au alikufa porini, au yuko katika kifungo cha Goma au cha Bukavu. Masomo yanapofunguliwa mwezi wa tisa, ni nani anayeuliza habari zao? Watu wanasema: baba yake alituibia mbuzi, alituchomea nyumba, amlipie mwenyewe. Hasira ile ina sababu, na mimi siwezi kumhukumu mama aliyechomewa nyumba. Lakini mtoto yule akirudishwa nyumbani juu ya makuta, anajua njia ya pori kuliko wengine wote, kwa maana ni njia ya baba yake.

Walimu wa dini wana kitabu cha majina: waliobatizwa, waliooa, waliokufa. Ninawaomba waongeze ukurasa mmoja. Waandike majina ya wafungwa wa kijiji chao na majina ya watoto wao. Mbele ya Noeli ukurasa ule usomwe katika baraza la parokia, na mtu mmoja achaguliwe kwenda kwa kila mfungwa anayeweza kufikiwa, na mwingine kwa kila mtoto. Kimathi aliandika majina ya askari wake kusudi wasisahauliwe siku ya uhuru. Sisi tuandike majina ya hawa kusudi tusiwasahau siku ya kuzaliwa kwa Bwana.